Pinchback na Hesabu za Louisiana

Katika vitabu vingi vinavyosimulia siasa za jimbo la Louisiana, nchini Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Pinckney Benton Stewart Pinchback huonekana kwa sura mojawapo kati ya mbili. Sura ya kwanza ni ya mcheza kamari wa meli za mvuke za mto Mississippi, aliyeingia na karata zake hadi kwenye Seneti ya jimbo, akaiuza kura yake kwa kila aliyepanda dau, kisha akaondoka na mfuko uliotuna. Sura ya pili ni ya mtu mweusi wa kwanza kuwa gavana wa jimbo la Marekani, aliyeshika madaraka kwa siku 35 tu, na ambaye hukumbukwa kwa hesabu hiyo ya siku huku mengine yake yote yakisahauliwa. Sura hizi zinaonekana kupingana, lakini kwa hakika ya pili huiachia ya kwanza uwanja wote, kwa kuwa anayemsifu mtu kwa kuwa wa kwanza bila kueleza alifanya nini anamvisha kilemba cha ukoka, na msomaji akitaka kujua mtu huyo alikuwa wa namna gani hulazimika kurudi kwa yule mcheza kamari. Makala haya yanampinga mcheza kamari huyo wa vitabuni. Hoja yake ni kwamba askari huyu aliyekuja kuwa mwenye gazeti na mwanasiasa wa jimbo aliacha sheria na taasisi zinazoweza kutajwa moja baada ya nyingine, kwamba doa la fedha alilokuwa nalo lilikuwa doa la utawala mzima wa Louisiana, wa weupe kwa weusi, na kwamba waliomhukumu kwa doa hilo waliwasamehe wenzao waliochota zaidi.

Hukumu hiyo ina asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, pamoja na wanafunzi wake, waliandika historia ya kipindi kinachoitwa Ujenzi Mpya, yaani miaka ya 1865 hadi 1877, ambapo majimbo ya Kusini yaliyoasi yalirudishwa katika Muungano, na wanaume weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani miaka michache tu nyuma, wakapata haki ya kupiga kura na kuchaguliwa. Kwa wanahistoria hao kipindi hicho kilikuwa msiba: mabunge ya majimbo yaliangukia mikononi mwa watu weusi wasiojua kusoma na wageni weupe wenye tamaa, hazina zikakombwa, hadi wazungu wa Kusini walipojikomboa kwa kuitwaa tena serikali. Mwaka 1915 filamu ya The Birth of a Nation iliipeleka hadithi hiyo kwa mamilioni ya watazamaji. W. E. B. Du Bois aliijibu mwaka 1935 katika kitabu chake Black Reconstruction in America, na mwanahistoria Eric Foner akaizika kitaaluma mwaka 1988. Hata hivyo, hukumu ya jumla ilipobomolewa, hukumu za mtu mmoja mmoja hazikupitiwa upya zote. Oscar Dunn, naibu gavana mweusi aliyefariki mwaka 1871 akiwa na sifa ya uadilifu, alirudishiwa heshima yake, naye Pinchback akabaki kuwa mfano wa kinyume chake, kana kwamba historia ya watu weusi wa Louisiana ilihitaji mtakatifu mmoja na tapeli mmoja ili ikamilike.

Mashtaka huanza na kamari, na hapo ndipo pa kuanzia. Pinchback alizaliwa tarehe 10 Mei 1837 huko Macon, Georgia, wazazi wake wakiwa safarini kuelekea Mississippi. Mama yake, Eliza Stewart, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Baba yake, William Pinchback, alikuwa mwenye shamba mzungu, naye ndiye aliyekuwa amemmiliki mama huyo. Mtoto na kaka yake walipelekwa kusoma Cincinnati, katika jimbo la Ohio ambako utumwa haukuruhusiwa, lakini baba alipofariki mwaka 1848 familia nzima ilikimbilia huko huko bila kupata kitu katika urithi, kwa kuhofia kwamba ndugu weupe wa marehemu wangewarudisha utumwani. Akiwa na umri wa miaka 12 Pinckney alikuwa akihudumu kwenye mashua za mifereji kwa dola 8 kwa mwezi. Baadaye alipanda hadi kuwa msimamizi wa wahudumu katika meli za mvuke, na huo ulikuwa miongoni mwa vyeo vya juu kabisa ambavyo mtu mweusi angeweza kuvifikia katika kazi hiyo, hata awe na akili ya kuiongoza meli yenyewe. Ni kweli kwamba alicheza kamari, na ni kweli kwamba George Devol, mcheza kamari mweupe, alijigamba katika kumbukumbu zake za mwaka 1887 kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Lakini Andrew Jackson, aliyekuwa rais wa nchi hiyo hiyo, aliweka dau kwenye farasi maisha yake yote, na mwanasiasa Henry Clay wa Kentucky alijulikana kwa karata kama alivyojulikana kwa hotuba. Hakuna mwandishi aliyeifanya kamari kuwa ufunguo wa kuelezea sera zao. Kwa Pinchback peke yake, ujana wa mtu maskini melini umegeuzwa kuwa nadharia ya siasa.

Kinachoifanya nadharia hiyo idumu ni kwamba wanaoisimulia huruka miaka ya jeshi, ambayo ndiyo inayoivunja. Mji wa New Orleans ulipotekwa na majeshi ya Muungano katika majira ya kuchipua ya 1862, Pinchback alipenya kutoka eneo la waasi akaingia mjini. Alifungwa kwa muda kwa kumjeruhi shemeji yake kwa kisu, jambo ambalo halina utetezi wowote, kisha akaachiwa na kujiandikisha katika kikosi cha watu weupe. Rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba asiyemjua hangeweza kumtambua, na katika nchi ile rangi ilikuwa mali kuliko ardhi. Mwaka 1863 dada yake Adeline, ambaye mwenyewe alikuwa amechagua kuishi kama mzungu, alimwandikia barua akimhimiza ajitoe katika tabaka la watu weusi na kujitafutia nafasi duniani akiwa mtu mweupe. Ushauri huo ulikuwa na faida zote ambazo mlafi angezitamani: usalama, biashara, ndoa za heshima kwa watoto, na uhuru wa kwenda popote bila kuulizwa. Pinchback hakuufuata wakati huo, wala hakuufuata hadi alipofariki mwaka 1921. Wanaomwita mtu wa kujitafutia maslahi wanapaswa kwanza kueleza kwa nini mtu wa namna hiyo alikataa maslahi makubwa kuliko yote aliyowahi kuwekewa mbele yake.

Badala ya kujificha, aliomba ruhusa ya kuandikisha askari weusi, na Oktoba 1862 akawa kapteni wa Kampuni A ya kikosi cha pili cha Walinzi Wazawa wa Louisiana. Walinzi hao walianza kama wanamgambo wa watu weusi huru wa New Orleans, na Jenerali Benjamin Butler aliwapokea katika jeshi la Muungano wakiwa na maofisa wa rangi yao wenyewe, jambo lililokuwa nadra sana katika vita vile. Aprili 1863 askari wa kikosi cha pili walipigana huko East Pascagoula, Mississippi, na mwezi uliofuata wenzao wa kikosi cha kwanza na cha tatu wakashambulia ngome ya Port Hudson, ambako Kapteni André Cailloux aliuawa. Lakini Jenerali Nathaniel Banks, aliyeshika nafasi ya Butler, hakutaka maofisa weusi. Aliwabana kwa dharau za kila siku na kwa kamati za kuwapima upya, mpaka wakajiuzulu mmoja mmoja. Pinchback alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka, Septemba 1863, kisha akakusanya watu kwa ajili ya kampuni ya wapanda farasi, na akanyimwa cheo cha kuiongoza kwa sababu ya rangi. Somo alilotoka nalo jeshini lilikuwa wazi, na siasa zake zote za baadaye zinaeleweka vizuri zaidi likizingatiwa: mtu mweusi anaweza kumwaga damu kwa ajili ya serikali na bado serikali hiyo ikamvua cheo kwa barua moja, isipokuwa haki yake imeandikwa katika sheria ambayo jenerali hawezi kuifuta.

Ndiyo maana kazi yake ya kwanza katika siasa ilikuwa ya sheria. Bunge la Katiba la Louisiana lililokaa kuanzia Novemba 1867 hadi Machi 1868 lilikuwa na wajumbe 98, takriban nusu yao wakiwa weusi, na Pinchback alikuwa mmoja wao. Ibara ya 13 ya katiba iliyotokana na bunge hilo, ambayo yeye ndiye aliyeipigania kuliko wengine, ilitamka kwamba watu wa rangi zote watakuwa na haki sawa katika vyombo vya usafiri wa umma na katika maeneo ya biashara yanayohitaji leseni ya serikali. Ibara ya 135 iliamuru shule za umma zisitenganishwe kwa rangi. Akiwa seneta wa jimbo, Pinchback alisukuma sheria ya mwaka 1869 iliyoipa Ibara ya 13 meno, kwa kumruhusu aliyebaguliwa kumshtaki mwenye chombo au mwenye duka na kudai fidia. Aliitumia mwenyewe pia, alipolishtaki shirika la reli lililomnyima nafasi katika behewa la kulala.

Wanaodai kwamba sheria hizi zilikuwa maneno matupu ya kupambia karatasi hawajazisoma kesi zake. Mwaka 1871 Charles Sauvinet, aliyekuwa kapteni katika Walinzi Wazawa na sasa alikuwa afisa wa mahakama wa jiji mwenye cheo cha sherifu, aliingia katika baa ya Joseph Walker mjini New Orleans akakataliwa kinywaji kwa sababu ya asili yake. Alishtaki, akashinda dola 1,000, na mwaka 1876 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha hukumu hiyo isimame. Mwaka 1872 Josephine Decuir, mjane wa mwenye shamba katika parokia ya Pointe Coupée, parokia ikiwa ndiyo wilaya katika utawala wa Louisiana, alipanda meli iitwayo Governor Allen na kuomba chumba katika sehemu ya wanawake. Akanyimwa, naye, kwa kuwa hakukubali kushushwa kwenye sehemu ya chini waliyotengewa watu weusi, aliumaliza usiku akiwa ameketi kitini. Mahakama za Louisiana zilimpa naye dola 1,000. Ni kweli kwamba mwaka 1878 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba jimbo moja haliwezi kutunga kanuni za meli inayovuka mipaka ya majimbo, lakini kushindwa huko kulitokea Washington, wala si katika kazi ya waliotunga sheria. Kwa miaka kadhaa mwanamke mweusi angeweza kumpeleka mwenye meli mbele ya hakimu na kutoka na ushindi. Katika kipindi hicho hicho, takriban theluthi moja ya shule za umma za New Orleans zilikuwa na watoto weusi na weupe katika darasa moja, jambo ambalo mji huo haungelishuhudia tena hadi mwaka 1960.

Gazeti la New Orleans Louisianian, alilolianzisha pamoja na wenzake Desemba 1870, nalo limehesabiwa kuwa chombo cha kujipendekezea. Shtaka hili halizingatii hali ya magazeti ya wakati huo. Gazeti la chama katika Marekani ya karne ya 19 liliishi kwa zabuni ya uchapaji ya serikali, yaani malipo ya kuchapisha sheria, matangazo ya mnada na taarifa za mahakama, na aliyekosa zabuni hiyo aghalabu alifunga mlango. New Orleans Tribune, gazeti la kwanza la kila siku la watu weusi nchini Marekani, lililoanzishwa mwaka 1864 na Louis Charles Roudanez kwa Kifaransa na Kiingereza, lilikuwa gazeti bora na lenye msimamo mkali kuliko yote, na kwa msimamo huo liligombana na kundi la Gavana Henry Clay Warmoth, likakosa zabuni na kusimama. New Orleans Republican, ambalo Warmoth mwenyewe alikuwa na hisa ndani yake, ndilo lililokula. Pinchback aliyaona hayo na akachagua gazeti litakalodumu. Louisianian liliendelea kutoka kwa zaidi ya miaka kumi, likivuka mwaka 1877 ambapo chama chake kilipoteza serikali na zabuni zote, na hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba halikuwa mrija wa kunyonya hazina tu. Mmoja wa wahariri wake, William G. Brown, alichaguliwa mwaka 1872 kuwa msimamizi wa elimu wa jimbo zima, mtu mweusi akiwajibika kwa shule za watoto wa rangi zote. Wanaume na wanawake waliokuwa wamekatazwa kusoma kwa mujibu wa sheria chini ya miaka kumi nyuma walikuwa na gazeti la kuwaeleza mswada gani umepita na nani ameupinga.

Sasa ifikiwe hoja ya fedha yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo nguzo ya hukumu nzima. Pinchback alitajirika akiwa katika siasa. Alituhumiwa kufaidika na ununuzi wa ardhi ya bustani ya jiji akiwa mmoja wa makamishna wake, na hakuficha kwamba kujua mapema mambo ambayo Bunge lingeyapitisha kulimsaidia kuchagua pa kuweka mtaji wake. Hayo ni makosa, na katika serikali iliyo safi yangemfikisha mahakamani. Lakini hukumu ya haki huuliza pia wengine walifanya nini katika mahali pale pale na wakati ule ule. Kampuni ya Bahati Nasibu ya Jimbo la Louisiana ilipata hati yake mwaka 1868 kwa kuhonga wabunge wa rangi zote mbili. Ililipa jimbo dola 40,000 kwa mwaka na kusamehewa kodi, huku ikivuna mamilioni kwa kuuza tiketi nchi nzima. Wazungu waliojiita wakombozi waliitwaa serikali mwaka 1877 kwa ahadi ya kusafisha uozo, na katika katiba yao wenyewe ya 1879 waliiacha kampuni hiyo iendelee na kazi. Siku za kuchezesha bahati nasibu, walioketi jukwaani ili kuuhakikishia umma kwamba mchezo ni wa halali walikuwa P. G. T. Beauregard na Jubal Early, majenerali wawili wa jeshi la waasi, wakilipwa kwa fahari ya majina yao. Vitabu vya shule za Kusini viliwakumbuka majenerali hao kwa vita vyao na kumkumbuka Pinchback kwa karata.

Mfano wa Edward A. Burke unafaa kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu maisha yake yanafuata njia ile ile. Burke alikuwa askari wa jeshi la waasi aliyejulikana kwa cheo cha meja. Alikuja kuwa mwenye gazeti, akiliongoza Times-Democrat la New Orleans. Na alikuwa mwanasiasa wa jimbo, Mweka Hazina wa Louisiana kuanzia 1878 hadi 1888. Ndiye aliyetumwa Washington mwaka 1877 kujadili mapatano yaliyowaondolea watu weusi wa Louisiana ulinzi wa majeshi ya serikali kuu, na ndiye aliyesimamia maonyesho makubwa ya pamba ya 1884 na 1885 mjini New Orleans. Mwaka 1889, mweka hazina aliyemrithi aligundua kwamba hatifungani za jimbo, yaani hati za mkopo wa serikali ambazo zilipaswa kuwa zimeshateketezwa, zilikuwa zimerudishwa sokoni, na upungufu ulizidi dola milioni moja. Burke alikuwa London habari hizo zilipotoka. Hakurudi kujibu mashtaka. Alikwenda Honduras, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1928. Hakuna tuhuma yoyote dhidi ya Pinchback, hata zikijumlishwa zote na kuchukuliwa kuwa za kweli, inayokaribia kiasi hicho. Naye Pinchback hakutoroka: alibaki New Orleans kwa miaka mingi, akawania, akashtakiwa na kushtaki, akaingia darasani katika Chuo Kikuu cha Straight akiwa na umri wa karibu miaka hamsini na kupata leseni ya uwakili mwaka 1886. Kama wizi wa mali ya umma ungekuwa ndicho kipimo cha kweli, uozo wa Louisiana ungekuwa na sura ya Burke kwenye jalada la kila kitabu. Nyani haoni kundule, na katika suala hili historia iliandikwa kwa muda mrefu na upande wa nyani.

Kuhusu zile siku 35 hakuna haja ya kusema mengi. Dunn alipofariki, Seneti ya jimbo ilimchagua Pinchback kuwa mwenyekiti wake, na kwa nafasi hiyo akawa kaimu naibu gavana. Septemba 1872 alipanda treni kutoka New York ili afike New Orleans kabla ya Warmoth na kutia saini miswada, ukiwemo wa uchaguzi, ambayo gavana huyo aliizuia. Huko Canton, Mississippi, alishushwa kwa hila ya telegramu, na treni maalumu ya Warmoth ikamfikia. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, ilhali kilichokuwa kikigombewa ni nani atakayehesabu kura za watu weusi miezi miwili baadaye. Tarehe 9 Desemba, Bunge lilipomfungulia Warmoth mashtaka ya kumwondoa madarakani, Pinchback aliitangazia Seneti kwamba usiku uliotangulia gavana huyo alimwahidi dola 50,000 ili ashirikiane naye. Wanaoshikilia kwamba bei ilikuwa ndiyo imani yake hupaswa kuzieleza dola hizo zilizoachwa mezani. Aliapishwa, akaliongoza jimbo lenye mabunge mawili yanayoshindana na mitaa iliyojaa silaha, akakabidhi madaraka kwa William Pitt Kellogg tarehe 13 Januari 1873.

Wiki hiyo hiyo Bunge la jimbo lilimchagua kwenda Seneti ya Marekani, na hapo kukaanza miaka mitatu ya kusubirishwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Bunge la Kellogg lililomchagua halikuwa na uhalali. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama serikali kuu isingekuwa ikishughulika na Kellogg kama gavana halali siku zote hizo, na kama Baraza la Wawakilishi la Marekani lisingemtambua rasmi mwaka 1875. Aliyechaguliwa na watu wale wale ndiye pekee aliyeambiwa kwamba waliomchagua si Bunge. Tarehe 8 Machi 1876 Seneti ilimkataa kwa kura 32 dhidi ya 29, na baadaye ikamlipa zaidi ya dola 16,000 za mishahara ya miaka aliyosubiri. Ikamlipa kwa kiti ilichosema kwamba hakuwa na haki nacho. Baadhi ya waliopiga kura kumkataa walikuwa wa chama chake mwenyewe cha Republican.

Mambo mawili yaliyofuata ndiyo magumu kuliko yote kwa yeyote anayemtetea, na utetezi usioyataja hauna thamani. Mwaka 1877, watu wawili walipodai kila mmoja kuwa gavana, Pinchback aliwapa kisogo wanachama wenzake akamuunga mkono Francis Nicholls wa Chama cha Democratic, kisha akateuliwa katika bodi ya elimu ya jimbo. Hilo lilikuwa kosa zito, kwa sababu lilikipa heshima chama ambacho wafuasi wake walikuwa wamewaua watu weusi kwa makumi huko Colfax, siku ya Pasaka ya 1873, na kuivamia serikali kwa bunduki katika mitaa ya New Orleans Septemba 1874. Linaelezeka, ingawa kueleza si kusamehe: Rais Rutherford Hayes alikuwa akielekea kuwaondoa wanajeshi, chama cha Pinchback mwenyewe kilikuwa kimemfungia mlango wa Seneti mwaka mmoja tu nyuma, na Nicholls aliahidi hadharani kulinda haki za watu weusi na shule zao. Pinchback aliamini ahadi ambayo hakukuwa tena na jeshi la kuisimamia. Ni hukumu mbaya ya mwanasiasa aliyebaki bila washirika, lakini si biashara, kwani kiti cha bodi ya elimu hakikuwa utajiri.

La pili ni la 1879. Akiwa mjumbe katika Bunge jipya la Katiba lililotawaliwa na Chama cha Democratic, Pinchback pamoja na wajumbe wengine weusi, akiwemo Théophile Allain, walipigania kuanzishwa kwa chuo kikuu cha watu weusi, na ndicho Chuo Kikuu cha Southern, kilichopata hati yake mwaka 1880. Baadhi ya Wakrioli wa New Orleans, yaani watu wenye asili mchanganyiko waliokuwa huru tangu kabla ya vita na waliozungumza Kifaransa, walimlaumu vikali wakisema kwamba aliyeandika usawa mwaka 1868 sasa ametia saini utengano. Lawama yao ilikuwa na msingi wa heshima, na kizazi chao ndicho kilichoipeleka kesi ya Homer Plessy ya kupinga utengano hadi Mahakama ya Juu na kushindwa mwaka 1896. Lakini mwaka 1879 shule zilikuwa zimeshatenganishwa kwa nguvu, Ibara ya 135 ilikuwa inafutwa na wenye kura nyingi, na mjumbe mweusi aliyeshika kanuni peke yake angetoka katika Bunge lile na kanuni yake bila shule hata moja. Chuo hicho kilianza na wanafunzi 12 mwaka 1881, kikahamia karibu na Baton Rouge mwaka 1914, na kingali kinafundisha. Anayetaka kumhukumu Pinchback kwa uamuzi huo anapaswa kuwahesabu pia walimu, wanasheria na wahandisi waliopita katika madarasa yake kwa miaka ambayo vyuo vya wazungu vya jimbo hilo vilikuwa vimewafungia milango.

Inabaki dai la mwisho la mtazamo unaopingwa hapa, kwamba wanasiasa weusi wa Louisiana waliondolewa kwa sababu ya ufisadi wao. Sheria iliyowaondoa ipo na inasomeka. Ni katiba ya jimbo ya 1898, ambayo ilimtaka mpiga kura awe anajua kusoma na kuandika au awe na mali yenye thamani ya dola 300, isipokuwa kama yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya au siku ya tarehe 1 Januari 1867, yaani kabla ya watu weusi wa jimbo hilo kuipata haki hiyo. Kabla yake, mwaka 1896, wapiga kura weusi 130,334 walikuwa katika daftari la Louisiana. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Hakuna kifungu hata kimoja kati ya hivyo kilichomuuliza mtu kama aliwahi kuiba.